Barua Isiyofika Mantua

Mgwashi ni kata ya milimani katika Usambara ya Magharibi, upande wa Bumbuli, karibu na msitu wa Mazumbai. Jioni ukungu hushuka kutoka msituni, ukaifunika migomba kwanza, kisha njia, kisha nyumba ya jirani, hata mtu akadhani kuwa dunia nzima imebaki chumba kimoja. Hapo ndipo nilipoutazama mchezo wa Romeo na Juliet. Si katika jumba la michezo, bali sebuleni kwa shangazi yangu, katika kioo cha kompyuta ya mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Tulikuwa watu watano mbele ya kioo kimoja. Shangazi hakujifunza Kiingereza, kwa hiyo kazi ya mkalimani iliniangukia mimi, nami niliifanya kwa upungufu mwingi, kwani Kiingereza cha Shakespeare hakimngoji mkalimani.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa National Theatre ya London. Ulikusudiwa kuchezwa mbele ya watu katika majira ya joto ya mwaka 2020. Mwezi Machi wa mwaka ule maradhi ya korona yaliyafunga majumba yote ya michezo ya Uingereza, na msimamizi wake, Simon Godwin, akaugeuza kuwa filamu. Ulipigwa picha kwa siku 17 ndani ya ukumbi wa Lyttelton pasipo mtazamaji hata mmoja, ukaonyeshwa katika televisheni tarehe 4 Aprili 2021. Josh O'Connor alikuwa Romeo, na Jessie Buckley alikuwa Juliet. Unaanza kwa waigizaji waliovaa nguo zao za kila siku, wameketi pamoja kama watu waliokuja kufanya mazoezi. Kisha kidogo kidogo mavazi, taa na kuta hutokea, na chumba cha mazoezi kikawa mji wa Verona. Maneno yamepunguzwa sana, hata hadithi ikamalizika kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Hasira ambazo Shakespeare alimpa baba yake Juliet, anapomlazimisha binti aolewe na Paris, hapa amepewa mama, na Tamsin Greig anazitoa kwa ubaridi uliomwogofya shangazi kuliko kelele.

Lakini aliyekivuta chumba kizima karibu na kioo ni Padre Laurence. Mwigizaji wake ni Lucian Msamati, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1976 na wazazi Watanzania, akakulia Zimbabwe. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kumwigiza Iago katika Royal Shakespeare Company, mwaka 2015. Jina lake lilipotajwa, vijana wawili walihama kutoka mkekani wakasimama nyuma ya kiti changu. Tangu dakika ile mchezo ulikuwa wa padre. Wapenzi tuliwahurumia, padre tulimfuata.

Tena shauri lake halikuwa geni kwetu. Padre Laurence anakubali kuwafungisha ndoa watoto wa nyumba mbili zenye uadui akitumaini kuwa ndoa itaumaliza uadui. Msambaa hahitaji kufafanuliwa siasa hiyo. Kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi na kuchapishwa upya mwaka 1962, kimejaa habari za namna hiyo: jinsi Mbegha na wazao wake walivyooa katika koo na nchi mbalimbali za Usambara, na wana waliozaliwa wakapewa kutawala kwa wajomba zao, hata kila nchi ikawa na mfalme ambaye ni mtoto wa dada. Siasa hiyo ilijenga dola. Lakini Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja wa Mazinde akamgeukia mjukuu Shekulwavu aliyetawala Vuga, na wenye damu moja wakawa ndio wenye vita. Basi shangazi aliposema, «Huyu padre ana akili, ila anaharakisha,» alisema neno ambalo wazee wa Vuga wangalilisema, na ambalo, kwa kweli, padre mwenyewe humwonya Romeo juu yake.

Tukafika mahali pa barua. Wasomaji wa jarida hili wanaujua mpango: Juliet anakunywa dawa itakayomfanya aonekane maiti, Padre Laurence anapeleka barua Mantua, alikofukuziwa Romeo, kumwambia kuwa mauti hayo ni ya uongo. Barua haifiki. Romeo anapata habari ya mazishi kutoka kwa mtumishi wake, ananunua sumu, na yaliyobaki yanajulikana. Nami katika kukimbizana na waigizaji nikafasiri kwa kifupi kuwa barua ilichelewa.

«Ilichelewa kwa nini?» akauliza shangazi.

Nikamjibu kuwa ilizuiwa njiani. Hakuridhika. Akamwambia mpwa wangu asimamishe picha. «Watu wote hawa watakufa kwa ajili ya barua, nanyi hamtaki kuniambia ilizuiwa na nini?»

Nimeufundisha mchezo huu kwa miaka kadhaa, na naona haya kukiri kuwa sikupata kuulizwa swali hilo na mwanafunzi yeyote. Wanafunzi huuliza juu ya mapenzi, juu ya ajali na majaaliwa, juu ya kosa la padre. Barua huichukua kama hila ya mtunzi aliyetaka watu wake wafe. Nami nilikuwa nikiwaacha waione hivyo.

Nikamweleza shangazi yaliyomo kitabuni. Katika sehemu ya pili ya tendo la tano, mchukuzi wa barua, Padre John, anarudi na kutoa habari zake. Kwa desturi ya watawa hakutaka kusafiri peke yake. Akaenda kumtafuta mwenzake mmoja, naye alikuwa mjini akiwazuru wagonjwa. Wakaguzi wa mji wakawashuku wote wawili kuwa wamekuwa katika nyumba yenye tauni, wakaifunga milango wakiwamo ndani. Hakuweza kwenda Mantua, wala hakupata mtu wa kuirudisha barua kwa padre, kwa jinsi watu walivyoogopa kuambukizwa.

Shangazi akanyamaza kidogo. Kisha akasema, «Kumbe ni tauni. Mngesema tangu mwanzo.»

Hapa lazima nirudi nyuma, kwa maana barua hii ina historia yake. Hadithi ya wapenzi wawili ilikuwa nzee wakati Shakespeare alipoishika, na kila aliyeisimulia alikuwa na sababu yake ya kuizuia habari isifike. Masuccio wa Salerno, katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1476 na inayotokea Siena, anasema mjumbe alikamatwa na maharamia wa baharini. Luigi da Porto, aliyewapa wapenzi majina ya Romeo na Giulietta na kuwaweka Verona karibu na mwaka 1530, anasema tu kuwa mjumbe alikwenda mara kwa mara asimkute Romeo nyumbani. Ni Matteo Bandello, mwaka 1554, aliyeingiza tauni: mjumbe anafika Mantua na kufungiwa pamoja na watawa wenzake kwa sababu mmoja wao amekufa. Mshairi Mwingereza Arthur Brooke akaifuata hadithi hiyo mwaka 1562, na kutoka kwake Shakespeare akaipata. Basi katika muda wa miaka isiyopata mia, haramia amekuwa bahati mbaya, na bahati mbaya imekuwa ugonjwa. Shakespeare akaongeza jambo moja ambalo mimi naliona kubwa: yule mwenzake Padre John alikuwa amekwenda kuwatazama wagonjwa. Kilichoizuia barua, basi, ni kazi ya huruma.

Mtunzi hakuwa akisimulia jambo la mbali. Alibatizwa Stratford tarehe 26 Aprili 1564, na mwezi Julai wa mwaka ule ule mwandishi wa daftari la kanisa aliandika kuwa tauni imeanza. Kabla ya mwaka kwisha zaidi ya watu 200 walikuwa wamezikwa katika mji ule mdogo. Alipokuwa mtu mzima na mwigizaji, tauni iliyafunga majumba ya michezo ya London kwa sehemu kubwa ya muda kati ya mwaka 1592 na 1594, na katika mwaka 1593 peke yake iliwaua zaidi ya watu 10,000 mjini. Sheria ya Uingereza tangu mwaka 1578 iliagiza nyumba yenye mgonjwa ifungwe pamoja na wote waliomo, wazima kwa wagonjwa, kwa wiki kadhaa, na mlango utiwe alama. Katika parokia za London wanawake wazee walilipwa kuingia majumbani, kuzikagua maiti na kutoa habari ya kilichoziua. Romeo na Juliet ulitungwa mara tu baada ya miaka hiyo, ukachapishwa kwanza mwaka 1597. Mtazamaji aliyesimama kuutazama alikuwa ameupita mlango wa namna ile akienda sokoni. Mercutio anapokufa akiziombea tauni nyumba zote mbili, sisi huona ni tusi kali la kijana. Mtazamaji yule alisikia laana iliyokwisha kumpata jirani yake. Na laana inajibiwa. Matendo mawili baadaye tauni inafika, inafunga nyumba. Ila nyumba inayofungwa si ya Montague wala ya Capulet.

Ni ajabu jinsi sehemu hii ilivyopungua thamani katika mikono ya waliofuata. Majumba ya michezo yalipofunguliwa tena baada ya utawala wa Wapuritani, Samuel Pepys aliutazama mchezo tarehe 1 Machi 1662 akauona mbaya kuliko yote aliyopata kuisikia maishani mwake. Mwaka 1679, miaka 14 tu baada ya tauni kubwa ya London, Thomas Otway aliihamisha hadithi Roma ya kale, akamfanya binti aamke kaburini wakati mpenzi wake angali ana pumzi. David Garrick alilipenda jambo hilo. Katika mchezo wake wa mwaka 1748 aliwatungia wapenzi mazungumzo marefu ya kaburini, na watu wakayalilia kwa karibu miaka mia. Tangu hapo macho ya watazamaji yamekaa kaburini. Nani atakumbuka Padre John na mlango wake wakati wapenzi wanaagana kwa machozi?

Katika karne ya ishirini waigizaji walipoutia mchezo nguo mpya, ilibidi kila mmoja atafute kizuizi chake cha habari. Katika West Side Story, mchezo wa nyimbo ulioanza New York mwezi Septemba 1957, hakuna ugonjwa wowote: msichana Anita anakwenda na ujumbe wa amani, vijana wa upande wa pili wanamdhalilisha, naye kwa uchungu anawaambia uongo kuwa Maria amekufa. Katika filamu ya Baz Luhrmann ya mwaka 1996 barua inapelekwa na shirika la posta, mpelekaji hamkuti Romeo, na karatasi ya kumwarifu inabaki bila kuonwa. Bila ya kujua, pengine, filamu ikamrudia da Porto. Badiliko la West Side Story ni zuri, na nimewasikia wengi wakilisifu kuwa linamzidi Shakespeare, kwa kuwa chuki ndiyo inayoizuia habari na hakuna kinachoachiwa bahati. Sikubali. Chuki ikiwa ndiyo iliyofanya kila kitu, basi dunia ya mchezo ni dunia ya watu wabaya tu, na dawa yake ni watu kuwa wema. Shakespeare alijua jambo gumu zaidi. Katika Verona yake kuna ubaya usiomchukia mtu. Unafika wakati ule ule ambapo watu wamejifungia kwa chuki, na kwa kuwa wamejifungia, hapana njia nyingine ambayo habari ingaliweza kupita. Kama ndoa ingekuwa ya wazi, mtumishi yeyote wa nyumba yoyote angaliipeleka habari Mantua. Siri ndiyo iliyoifanya barua iwe moja, na mchukuzi awe mmoja. Tauni iliufunga mlango mmoja tu. Milango mingine yote ilikuwa imekwisha kufungwa na wenye nyumba.

Sasa nirudi sebuleni. Shangazi aliolewa upande wa kaskazini wa wilaya, akakaa huko hata mumewe alipofariki, ndipo akarejea Mgwashi kwa ndugu zake. Na upande ule wa kaskazini, katika vijiji vya juu vya Shume, Lukozi, Mlalo na Mtae, tauni si neno la vitabu. Ilizuka katika wilaya ya Lushoto mwaka 1980, ikaendelea kurudi mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliougua walizidi 7,000, na mamia walikufa. Wengi wao wanawake na watoto. Wataalamu, pamoja na wale wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro, wameeleza sababu zake kwa utulivu wa kitaalamu: panya wa mashambani na wa majumbani, viroboto wao, mahindi yanayowekwa ndani ya nyumba wanamolala watu, na desturi ya kulala chini. Ni mambo yale yale aliyoyafungua Alexandre Yersin alipoiona bakteria yake Hong Kong mwaka 1894, na Paul-Louis Simond alipoonyesha kazi ya kiroboto mwaka 1898. Mwaka huo huo Robert Koch alitangaza kuwa tauni imo Kiziba, kando ya Ziwa Viktoria, yaani katika nchi hii hii yetu. Kitabu cha Ulaya kinaandika juu ya tauni kama jambo la zama za kale. Huku ni jambo la ujana wa shangazi yangu.

Alitusimulia kidogo, picha ikiwa imesimama. Alisema nyumba yenye msiba ilikuwa ikipitwa kwa mbali. Alisema mara moja alitumwa mtoto kuleta habari ya kifo cha ndugu yao wa ukoo, na mtoto yule hakuingia uani. Alisimama ng'ambo ya njia, akapiga kelele jina la marehemu, akaondoka mbio. Upepo ulikuwa mkali. Waliokuwa ndani walisikia jina lakini hawakusikia ni jina la yupi, kwa sababu ndugu wawili waliitwa jina moja, la babu yao. «Tukamlia aliye hai siku mbili,» alisema, «na aliyekufa akazikwa bila sisi.» Hakuisema habari hiyo kama ajabu. Aliisema kama mtu anayemthibitishia mwenzake kuwa njia fulani ina utelezi.

Nafikiri ni kwa ajili hiyo padre wa Lucian Msamati alimgusa kuliko wapenzi. Padre ndiye anayefanya kazi ya kujaribu kuvusha habari njema katika nchi yenye milango iliyofungwa. Na lazima nikumbushe kuwa waigizaji waliotufikia katika kioo kile walikuwa nao wamefungiwa: wamo katika ukumbi usio na watu, wakati jumba lao halina ruhusa ya kufungua mlango. Mwaka ule ule mpwa wangu alikuwa nyumbani Mgwashi pasipo likizo yoyote, kwani shule na vyuo vya Tanzania vilifungwa kuanzia katikati ya Machi 2020, na vyuo havikufunguliwa hata tarehe 1 Juni. Kwa hiyo London ya mwaka 2020 ilijifunza kwa muda mfupi kile ambacho London ya mwaka 1593 ilikijua na Lukozi ya mwaka 1980 ilikijua. Sidhani kama mchezo huu umepata kuchezwa katika hali iliyokaribia zaidi ile aliyoutungia mtunzi wake.

Neno moja la pembeni kwa wanafunzi wa tafsiri. Edward Steere, alipochapisha Zanzibar mwaka 1867 hadithi nne zilizotoka katika michezo ya Shakespeare kwa Kiswahili, hakuichagua hii. Mwalimu Nyerere alichagua Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, S. S. Mushi akatupa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Taifa jipya lilitaka kusoma juu ya utawala, mali na usaliti, nalo lilikuwa na haki. Mapenzi yaliachiwa taarabu na sinema. Lakini yeyote atakayeufasiri mchezo huu kwa ajili ya jukwaa letu asianze na roshani ya Juliet. Aanze na mlango wa Padre John, naye atapata watazamaji wanaojua maana yake.

Mpwa wangu aliwasha picha tena, tukaenda hata mwisho. Wapenzi wakafa, wazazi wakapatana. Kijana mmoja akapangusa macho kwa mkono wa shati akidhani hatumwoni. Taa ya kompyuta ilikuwa nyekundu. Shangazi alikuwa amekwisha kusimama kwenda kufunga kuku alipogeuka mlangoni.

«Na wale wa nyumba iliyofungwa? Wagonjwa. Walipona?»

Nilimwambia nitatazama kitabuni. Asubuhi nilitazama. Padre John anasimulia alivyofungiwa, anairudisha barua. Padre Laurence anasikitika kwa sababu barua ilikuwa na jambo zito. Anamtuma mwenzake amletee mtaimbo upesi, apate kwenda kulifungua kaburi. Padre John anakwenda kuuleta mtaimbo, wala haonekani tena. Juu ya nyumba ile, na waliokuwamo, hakuna aliyeuliza.